Hiyo cheni usiimwagie oili chafu

Sele ndugu yangu,

Salamu nyingi. Huku wazima, watoto wanakua na fujo zao. Najua nimekaa kimya mno, lawama nitazipokea siku nyingine, maana Mwajuma kanipa habari iliyonifanya nishike kalamu saa hii hii: eti baiskeli yako inalia, nawe umeomba oili chafu ya gari uimwagie cheni. Sele! Weka chini hilo kopo.

Oili iliyotoka kwenye injini imejaa masizi na vichembe vya chuma. Ukiipaka, unaisaga cheni kwa mkono wako. Grisi nayo usinitajie. Ni nzito, haipenyi, inakaa juu ikinasa vumbi. Cheni inataka mafuta ndani, pale pini zinaposuguana na vile vigurudumu vidogo. Nje hata ing'ae vipi, kelele ziko palepale.

Kwanza isafishe. Tafuta mswaki uliokwisha kazi (uhakikishe si wa shemeji), uchovye kwenye mafuta ya taa, usugue huku unazungusha pedeli kinyumenyume. Fanyia nje, mbali na jiko. Petroli hapana, mvuke wake tu unashika moto. Meno ya giya nayo uyasugue, la sivyo uchafu wake utahamia kwenye cheni siku hiyohiyo. Halafu maji ya sabuni, suuza, futa, iache ikauke kabisa. Nakujua ulivyo na haraka, lakini maji yakibaki mle ndani oili haishiki, na kutu nayo haichelewi.

Ikikauka, tone moja kwa kila kiungo, basi. Oili ya cheni ndiyo hasa. Ya cherehani itakusogeza, ila haidumu, utairudia mapema. Zungusha pedeli, iache ilale hivyo, asubuhi ufute kwa tambara kavu. Ndiyo, ufute! Nakuona unavyonuna: mafuta yangu mwenyewe, niyafute tena? Yafute. Yaliyoingia ndani yanatosha, ya nje ni chambo cha mchanga. Na yasidondokee rimu wala breki, usije ukateremka mlima unasoma dua.

Kabla hujahangaika na yote hayo, hebu ivute kidogo uipime kwa rula. Viungo 24 ni inchi 12 kamili. Zikizidi kwa 1/16 ya inchi, hiyo imechakaa, nunua nyingine kabla haijala meno ya giya, ambayo... wewe na pesa nawajua.

Sasa niambie: inalia muda wote au ukikanyaga kwa nguvu tu? Inaruka meno? Ilinyeshewa ukaiacha hivyohivyo? Mama goti linaendeleaje? Na ile pampu yangu, iko kwako bado au imeshafika kwa Rashidi?

Nijibu upesi, na kopo lisisogee.

Wako,
Hamisi