Kafi la Greenland halina kosa, kosa ni namna ya kulivuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika safu hii kwamba kafi jembamba la Greenland linafaa kutundikwa ukutani tu, kwa kuwa alipolijaribu kwenye kayaki, ule mtumbwi mwembamba uliofunikwa juu, aliachwa nyuma na wenzake wote na mabega yakamwuma. Sina shaka kwamba aliyoyaeleza yalimpata, kwani hata mimi yalinipata. Hata hivyo, maelezo yake kwamba kafi lilitapatapa majini na kutoa povu jingi yanaonyesha kuwa alilivuta kama anavyolivuta kafi pana la kisasa, na kwa uvutaji huo lisingemfaa mtu yeyote.

Niseme pia kwamba hili ni kafi, wala si kasia kama alivyoliita. Kasia hukaa katika kishwara, yaani kitanzi kilicho ubavuni mwa chombo, na mpiga makasia huipa omo, sehemu ya mbele ya chombo, mgongo, ilhali kafi hushikwa kwa mikono tu na mwenye kulipiga hutazama aendako. Kafi la Greenland lina bapa, yaani sehemu pana inayoingia majini, kila mwisho, na mabapa yote mawili yamelala sawasawa bila moja kupindwa kinyume cha lingine. Urefu wake hutokana na mwili wa mwenyewe, nao ni pima moja, yaani upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, na dhiraa moja juu yake, yaani toka kiwiko hadi ncha ya vidole. Vipimo hivyo ndivyo walivyovitumia wazee wetu wa pwani, na nilipovisikia hapa Denmark kwa mara ya kwanza nilijihisi niko nyumbani Tanga. Upana wa bapa nao ni ule ambao kiganja kinaweza kuukumbatia, yaani sentimita 8 au 9 hivi.

Wembamba huo ndio unaowadanganya wengi. Kafi langu lina urefu wa sentimita 218, na kila bapa lina urefu wa sentimita 84 na upana wa sentimita 8 na nusu mahali lilipo pana zaidi. Hata ukipunguza sehemu inayosinyaa kuelekea mpini, eneo lake linakaribiana na lile la bapa pana lenye urefu wa sentimita 45 na upana wa sentimita 18. Tofauti ni kwamba eneo hilo limetandazwa kwa urefu, kwa hiyo mtu anayezamisha nusu ya bapa anakuwa amelitupa kafi lake nusu, na ndipo anapolalamika kwamba halina nguvu.

Jambo ambalo mwenzangu hakuligusa kabisa, nami naliona ndilo kiini cha yote, ni mwinamo. Bapa haliingii majini likiwa wima kama ubao wa mlango, bali ukingo wake wa juu huinamishwa kidogo mbele, kuelekea omo. Likivutwa nyuma katika hali hiyo, maji hulisukuma mbele na chini kwa pamoja, basi lenyewe hujizamisha na kutulia. Likisimama wima kabisa hutikisika huku na huku, na likiinama upande wa pili hupanda juu likiburuta hewa, na hapo ndipo lilipotoka lile povu. Mwinamo huu hauhitaji kukunja kifundo cha mkono. Ukishika mpini kwa gumba na kidole cha shahada, vidole vitatu vilivyobaki vikalala juu ya mwanzo wa bapa, mikono ikiwa imeachana kwa upana wa mabega tu na vifundo vimenyooka, kafi huinama lenyewe kwa kiasi kinachotosha.

Mwaka wangu wa kwanza katika ghuba ya Roskilde nilikuwa navuta kwa pupa, mpaka mzee mmoja aliyekuwa akipiga kafi kandoni mwangu akaniambia nifumbe macho nisikilize. Kila bapa langu lilipogusa maji lilisema "chubwi", lakini la kwake halikusikika hata kidogo. Alikuwa akiliingiza karibu na miguu yake kama mtu achomekaye kisu alani, akisubiri hadi limezama lote mpaka karibu na vidole vyake, ndipo anaanza kuvuta. Kusubiri huko, ambako hakufiki hata nusu ya sekunde, kulinichukua kiangazi kizima kukuzoea.

Mvuto wenyewe hautoki mikononi. Kiwiliwili ndicho kinachozunguka, mguu wa upande uliopo bapa ukikanyaga kwa nguvu ndani ya kayaki, na mkono wa juu ukisukuma mbele ukiwa kwenye kimo cha kifua, si juu ya uso kama wafanyavyo wenye makafi mapana. Mkono wa chini ukifika nyongani, bapa hutolewa kwa ukingo, nalo huteleza nje bila kunyanyua maji. Ukilivuta kupita hapo, unaivuta tezi, sehemu ya nyuma ya chombo, chini na kuchosha bega bure. Mimi niliyekuwa nimelala na bega la kulia linaloniuma kwa miaka miwili, sasa hupiga kafi saa tatu mfululizo bila kulisikia.

Si ajabu kwamba chombo hiki kimeundwa hivyo. Wawindaji wa Greenland walikichonga kwa mbao za magogo yaliyoletwa na mikondo ya bahari kutoka mito ya Siberia, maana kwao miti ya kufaa ni adimu, wakaimarisha ncha zake kwa mfupa. Walikitumia kutwa nzima wakimnyemelea sili, mnyama anayezama papo hapo akisikia kishindo cha maji.

Namwomba ndugu yangu alishushe kafi lake kutoka ukutani, atafute maji yaliyotulia asubuhi ambayo hakuna upepo, na apige taratibu kwa nusu saa akiwa ameinamisha ukingo wa juu mbele. Asiitazame saa wala kujipima na wenzake siku hiyo. Asikilize tu kama "chubwi" ingali ipo.

Msomaji wenu,
Roskilde, Denmark