Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mavuno na Kazi ya Kuta, Cinque Terre, Italia

Ndugu wanachama,

Mavuno yamekwisha. Zabibu za Sciacchetrà, mvinyo wetu mtamu wa zabibu zilizokaushwa, bado zimeanikwa kivulini, maana kanuni za mvinyo huo zinakataza kuzikamua kabla ya 1 Novemba.

Mwezi wa Machi wengi wenu mliuliza: tumekuja kuhudumia mizabibu, mbona tunashinda tukibeba mawe? Mlikuwa na haki ya kuuliza. Kutoka kijiji cha Riomaggiore hadi kile cha Monterosso shamba tambarare ni adimu; mizabibu imesimama juu ya matuta yanayoshikiliwa na kuta za mawe yaliyopangwa kwa mkono, bila saruji. Mvua ikinyesha, maji hupenya katikati ya mawe yakatoka. Ukiziba kwa saruji, maji hujaa nyuma, ukuta hufura tumbo, kisha hushuka na udongo pamoja na mizabibu. Tarehe 25 Oktoba 2011 matope yalifunika vijiji vya Vernazza na Monterosso, na matuta yaliyoachwa bila mtu wa kuyatunza yaliporomoka kwa wepesi zaidi. Zamani mizabibu ya hapa ilienea zaidi ya hekta 1,000. Leo imebaki kwenye hekta 100 hivi, kwa kuwa watu walishuka kutafuta kazi katika mji wa La Spezia na kwingineko.

Ndiyo sababu kamati ilizipeleka siku zetu nyingi za kujitolea kwenye kuta, na uamuzi huo nausimamia. Wazee wametufundisha kwa subira: jiwe kubwa chini, kokoto nyuma, ukuta uegemee mlima. Vijana walioanza bila kujua kushika nyundo sasa wanapanga ukuta wenyewe. Nawashukuru sana.

Kwenye mavuno, zabibu za aina ya Bosco, Albarola na Vermentino zote zilishuka salama, kwa kitreni cha reli moja kinapofika, na kwa mabega yetu kisipofika. Jambo moja liliniumiza: mwenye shamba mmoja alichelewesha ujira wa wenzetu kwa wiki kadhaa. Hatimaye walilipwa. Mwaka ujao mwanachama asiingie shambani kabla ya kusaini mkataba.

Kupogoa kutaanza Januari. Kabla ya hapo, kuna ukuta juu ya kijiji cha Manarola uliofukuliwa na nguruwe mwitu. Tukutane hapo Jumamosi ya kwanza ya Desemba, saa mbili asubuhi. Kila mtu aje na glavu.

Mwenyekiti wenu