Seti ya kulintang isitawanywe

Mhariri,

Wanaonunua ala za kale wasinunue mojamoja patu za kulintang, yaani ala ya muziki yenye safu ya patu (ala za metali za kugongwa). Wanawake wa Kimaranao, kandokando ya Ziwa Lanao nchini Ufilipino, hupiga patu 8 za kulintang zenye vitovu (nundu za katikati), zilizopangwa kwa ukubwa. Kila seti ina mpangilio wake wa sauti. Upatu wa seti nyingine huvuruga wimbo mzima, hata ukilingana kwa umbo.

Patu hulala juu ya kamba zilizokazwa kwenye fremu. Kamba ikilegea, upatu hugusa ubao na mlio hufa papo hapo. Mpigaji hodari hukaa mgongo wima, hugonga kitovu kwa vijiti viwili vya mbao laini na kuvizungusha hewani kwa madaha. Ustadi huo unastahili seti kamili!

Mpenzi wa muziki asilia