Ukinielekeza hoteli, nitajie saa na mizani

Mhariri,

Hapa Nairobi mtu akiuliza ale wapi, hupewa jina la hoteli na sifa moja tu: chakula chao ni kitamu. Anafika huko saa nyingine, anaagiza kitu kingine, kisha anaondoka akimlaani aliyemwelekeza. Mwelekezi hakudanganya. Jiko lile lile linalopakua pilau ya kusifiwa saa sita na nusu ndilo linalopakua wali mkavu uliogandia sufuria saa tisa alasiri. Kurasa zenu za wikendi nazo zina kasoro hiyo hiyo. Tunaomba nafasi tueleze, kwa lugha ya jikoni, maelekezo yanapaswa kuwa na nini ndani yake.

Kwanza ni saa. Hoteli nyingi za katikati ya jiji, za mitaa ya Tom Mboya na River Road kwa mfano, hupika kwa sufuria kubwa mara moja kwa siku. Maharagwe hutiwa motoni alfajiri, wali na pilau huiva kabla ya saa sita, na wateja humiminika kuanzia saa saba kasorobo hadi saa nane. Pilau haingoji mtu: punje za juu hukauka, za chini huloa mafuta, na viungo hupoteza harufu. Madondo, yaani hayo maharagwe ya mchuzi, ni kinyume chake. Kadiri yanavyokaa kwenye moto mdogo ndivyo mchuzi unavyoshika, kwa hiyo anayechelewa kula hadi saa tisa aelekezwe kwenye chapati na madondo. Supu ya mifupa ni ya asubuhi. Ya jioni mara nyingi imeongezwa maji na chumvi mara kadhaa, na ulimi unajua.

Saa ina uzito pia kwa sababu ya tumbo. Chakula kinachongoja mteja kinafaa kukaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60 za selisiasi. Hakuna mteja anayetembea na kipimajoto, lakini mvuke unaonekana: mhudumu akichota kutoka chini ya sufuria na hakuna kinachofuka, agiza kitu kinachopikwa papo hapo, mayai kwa mfano. Wali uliolala ndio wa kuogopwa kuliko vyote. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi mchele unapochemka. Wali ukiachwa mezani usiku kucha, vijidudu hivyo huzaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata wali ukikaangwa upya kesho yake kwa karoti na sosi ya rangi. Wali wa kukaanga saa tatu asubuhi, kabla jiko halijapika wali mpya, umetoka wapi?

Sasa nyama choma, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Iwe ni soko la Burma kule karibu na Jogoo Road, Kariokor au Kenyatta Market, utaratibu ni mmoja: unanunua nyama mbichi kwa kilo buchani, kisha inachomwa. Wageni wengi hawalijui hilo, wanadhani kilo moja wanayolipia ndiyo itakayofika kwenye ubao. Nyama ikichomwa hupoteza maji na mafuta, kwa kawaida kati ya robo na theluthi ya uzito wake. Kilo moja ya mbuzi hufika mezani ikiwa na gramu 700 hivi, na mifupa imo ndani ya hizo. Nyama yenyewe utakayotafuna haizidi sana nusu kilo. Watu wanne wenye njaa na ugali pembeni wanahitaji kilo moja na nusu hadi mbili. Anayesema "tulikula kilo moja watu watano tukashiba" alishiba ugali.

Kabla ya kupimiwa, angalia mzoga ulioning'inia. Mbuzi mchanga ana mbavu nyembamba; mzee ana mifupa minene, naye afaa mchuzi kuliko makaa. Taja kipande: mbavu, mkono au mguu wa nyuma. Mbavu huiva kwa dakika 35 hadi 45. Mguu wa kilo moja na nusu unataka saa nzima na zaidi kwenye makaa yaliyokwisha kuvaa jivu, bila ndimi za moto, kwa sababu mafuta yakidondokea mwali hulipuka na kuunguza nje huku ndani kukibaki kubichi.

Mizani ndiyo hatua inayorukwa. Sheria inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa mhuri wa idara ya vipimo kila mwaka, nayo isome sifuri kabla nyama haijawekwa. Ukiwa na shaka, chukua chupa ya maji ya nusu lita ambayo haijafunguliwa, iweke juu ya mizani. Inapaswa kusoma gramu 500 na ushee kidogo, ule ushee ukiwa wa plastiki. Ikisoma 600, umeshajua kila kilo unayolipia imepunjwa. Muuza nyama mwaminifu hacheki wala hakasiriki ukifanya hivyo.

Kisha kipande kitiwe alama. Wachomaji wazuri huchoma kijiti au hufunga kikaratasi cha namba; pasipo na utaratibu huo, omba nyama ikatwe umbo utakalolikumbuka. Ikiiva, iletwe nzima na ikatwe mbele yenu. Inayokatwa nyuma ya pazia hupungua njiani, na vipande vinavyobaki nyuma kamwe si mifupa.

Nyama ya mguu ikifika baada ya dakika 20, haikuchomwa. Imechemshwa tangu asubuhi, ikapitishwa motoni kupata weusi. Utaijua kwa nyuzi zake: zinachambuka kama kamba, rangi ni ya kijivu kutoka ukingoni hadi katikati, na mafuta hayakuyeyuka yakapaka nje. Kuchemsha si dhambi. Asiye na saa nzima ya kungoja aagize tumbukiza (nyama ya kuchemshwa na mboga) au wet fry (ya kukaangwa na mchuzi), alipie kilichochemshwa kwa jina lake halisi. Kosa ni kuuziwa boilo kwa jina la choma.

Huku mkingoja, tazama ubao na panga. Ubao uliokatiwa nyama mbichi ukipanguswa kwa kitambaa kile kile cha tangu asubuhi, kisha ukakatiwa nyama iliyoiva, moto wote ule umefanya kazi bure. Vivyo hivyo kachumbari. Iliyokatwa asubuhi ikakaa kwenye beseni imeshatoa maji, na kitunguu chake kimekuwa kikali. Kukata nyanya mbili, kitunguu kimoja, dhania na pilipili huchukua dakika tatu. Omba ikatwe upya, kitunguu kisuguliwe kwa chumvi na kusuuzwa kwa maji safi. Ndimu inaongeza ladha, haisafishi nyanya iliyooshwa kwa maji machafu, na jiji hili limeshaonja kipindupindu zaidi ya mara moja.

Mutura, ile soseji ya kienyeji ya utumbo, una sheria yake ndogo. Usikubali ncha. Omba ukatiwe katikati, kwa sababu huko ndiko moto hufika mwisho: pawe pameshikana na pakavu, pasitoke umajimaji mwekundu.

Carnivore ya Lang'ata Road, iliyofunguliwa mwaka 1980, haimo katika hesabu hii ya kilo. Pale unalipia mlo, nyama zinaletwa kwa mishikaki mirefu mezani hadi mteja aangushe kibendera. Anayekuelekeza huko akuambie basi usijaze tumbo kwa supu na mkate wa mwanzo.

Kwenye samaki, swali la kwanza ni kama unaweza kumchagua akiwa mbichi. Macho yawe maangavu na yametuna, matamvua mekundu, mwili ukibonyezwa urudi. Ngege (tilapia) wa nusu kilo, aliyechanjwa ubavuni, hukaangika kwa dakika kumi hivi katika mafuta moto barabara. Mafuta yakiwa vuguvugu, samaki huyameza badala ya kukauka ngozi. Wale waliokaangwa asubuhi na kupangwa kwenye kabati la kioo watakaangwa mara ya pili ukiagiza, ndiyo sababu nyama yao ni kama pamba. Na mchuzi wenye nyanya na Royco kupita kiasi mara nyingi unaficha samaki aliyelala siku nyingi. Mboga za kienyeji pembeni zitakusimulia habari za mpishi: managu (mnavu) yaliyopikwa taratibu kwa maziwa yana rangi iliyofifia na uchungu uliotulia, yakiwa ya kijani kinachong'aa na laini kama uji, yametiwa magadi ili yaive haraka.

Chipsi hazihitaji maneno mengi, mafuta ndiyo yanahitaji. Yakiwa meusi, yakitoa povu linalokataa kutulia na moshi kabla hata viazi havijatiwa, yamechoka. Viazi vya Shangi, ambavyo ndivyo vimejaa sokoni kwetu, vinatoa chipsi nzuri vikiwa vibichi, lakini huota haraka ghalani. Kiazi kilichowekwa kwenye baridi kali, wanga wake hugeuka sukari, kwa hiyo chipsi hupata weusi nje kabla ya kuiva ndani. Mteja analaumu mafuta kumbe ni ghala. Anayebeba nyumbani aombe mfuko wa karatasi, mdomo uachwe wazi. Chipsi zikifungiwa kwenye kopo la plastiki hujipika kwa mvuke wake na kulegea ndani ya dakika kumi, hoteli iwe nzuri namna gani.

Ukimwelekeza mtu Islii (Eastleigh) kwa wali wa Kisomali, mwambie mambo mawili. Ndizi inayoletwa na wali si ya kumalizia, huliwa pamoja na wali, tonge kwa tonge. Na Ijumaa adhuhuri mahali pengi hufungwa kwa ajili ya swala, kama vile mwezi wa Ramadhani pilikapilika zinavyoanza baada ya magharibi. Nyama ya ngamia ni ngumu kwa asili. Iliyopikwa ipasavyo imekaa motoni saa nyingi, basi uliza kama iko tayari kabla ya kuketi. Diamond Plaza kule Parklands, wahudumu watakuvamia na menyu kabla hujavuta kiti. Kila mmoja ni wa kibanda chake na kila kibanda kina bili yake, kwa hiyo bhajia za huku na sharubati ya kule ni malipo mawili. Si utapeli, ndivyo soko lile lilivyo, ila mgeni asiyeambiwa hukasirika.

Limebaki suala la bili, na hapa waelekezi wetu wengi hunyamaza kabisa. Ushuru wa VAT ni asilimia 16, na tozo ya utalii asilimia 2. Menyu nyingi huandika kwa herufi ndogo chini kwamba bei zimejumuisha vyote. Penye ukimya, uliza kabla ya kuagiza. Chakula cha shilingi 1,000 kikiongezewa ushuru, tozo na asilimia 10 ya huduma kinakuwa shilingi 1,280. Kama huduma imeshatozwa, bakshishi ni hiari yako tupu. Kibanda ambacho mauzo yake hayafiki shilingi milioni 5 kwa mwaka hakilazimiki kujiandikisha kwa VAT, kwa hiyo kikikuongezea "ushuru", dai risiti yenye PIN ya KRA (namba ya mlipakodi) uone kama ipo.

Ukilipa kwa M-Pesa, tumia namba ya till iliyobandikwa kaunta, na usome jina linalotokea kwenye simu. Likiwa la mtu binafsi, thibitisha kwa keshia kabla hujainuka. Mhudumu anayekupa namba yake "kwa sababu till ina shida" huenda anasema kweli, lakini bili ikiwa bado wazi kwenye mashine, utaombwa ulipe tena mlangoni na hutakuwa na ushahidi kwamba hoteli ilipokea chochote.

Kwa hiyo, Mhariri, msomaji akiwaletea sifa za hoteli, mrudishieni maswali kabla ya kuchapisha. Alikula nini hasa, siku gani na saa ngapi? Nyama ilipimwa mbele yake? Alingoja dakika ngapi? Alilipa shilingi ngapi, ushuru ukiwa ndani au nje? Chapisheni na tarehe aliyokula, kwa sababu mpishi akihama, na wapishi wa mji huu huhama kila wanapoongezewa mia mbili kwa siku, sifa ya mwaka jana inabaki ya bango la mlangoni.

Wapishi wawili,
Eastlands, Nairobi