Elimu ya tabianchi ianzie kwenye valvu ya kiyoyozi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu namna vijana wa vyuo vya ufundi stadi wanavyofundishwa mabadiliko ya tabianchi. Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi hapa Dar es Salaam, na kwa miaka mingi karakana yangu imekuwa ikipokea wanafunzi wanaokuja kufanya mafunzo kwa vitendo.

Si haki kudai kwamba vijana hawa hawajui lolote. Ukimuuliza yeyote kati yao atakueleza habari za ukataji miti, moshi wa viwanda, theluji ya Kilimanjaro inayopungua na mafuriko yaliyoikumba Rufiji mwaka 2024, na atakueleza vizuri, kwa sababu ameyasikia redioni, ameyasoma kwenye simu na ameyakuta kwenye makongamano ambako hugawiwa fulana na kupanda mche mmoja kabla ya kurudi darasani. Sina ugomvi na miti. Ninachokiona ni kwamba katika maelezo yote hayo mchafuzi huwa ni mtu mwingine: mchoma mkaa, mwenye kiwanda, nchi tajiri. Yeye mwenyewe aliyeshika spana hayumo.

Kijana mmoja, hodari kwelikweli, alinieleza hayo yote asubuhi. Mchana tulikwenda kushusha kiyoyozi cha zamani kwenye ofisi ya mteja, naye akachukua spana ya L, akafungua valvu ya mashine ya nje na kuiacha gesi itoke mpaka mlio ukaisha. Nilipomuuliza sababu, alijibu kwa heshima: “Lakini fundi, gesi yenyewe si imeshachoka?” Gesi haichoki, ikipungua, basi inavuja mahali. Hata hivyo sikumlaumu, maana ndivyo alivyoona mafundi wengi wakifanya, na mashine ya kunyonya gesi, inayoivuta na kuihifadhi kwenye mtungi, alikuwa ameiona kwenye picha tu.

Kiyoyozi kile kilikuwa kinatumia gesi ya kupoozea iitwayo R-410A. Kilo moja ya gesi hiyo ikiachiwa hewani huchangia joto, kwa kipimo cha miaka 100, sawa na takriban tani mbili za kaboni dayoksaidi, yaani karibu sawa na moshi wa lita 900 za petroli. Kijana anayekwenda chuoni kwa miguu, asiye na hata pikipiki, anaweza kutoa uchafuzi huo ndani ya dakika chache na asijue. Kinachosikitisha zaidi ni kwamba kiyoyozi kile kilikuwa kizima: angeiwasha mashine, akafunga valvu ya bomba jembamba, akasubiri kompresa irudishe gesi yote kwenye mashine ya nje, kisha akafunga valvu ya bomba nene. Kazi hiyo haihitaji mashine ya kunyonya, inahitaji geji, spana ileile na subira kidogo.

Wengi wa vijana hawa wamesikia habari ya tabaka la ozoni linalotukinga na mionzi ya jua, ambalo kuharibiwa kwake kulisababisha mkataba wa kimataifa uitwao Itifaki ya Montreal wa mwaka 1987, na wamefundishwa kwamba gesi ya zamani ya R-22 inaondolewa sokoni kwa sababu hiyo. Wakishasikia kwamba gesi mpya kama R-410A haidhuru ozoni, huihesabu kuwa haina madhara kabisa. Ilikuwa ni kwa ajili ya gesi hizo mpya kwamba mataifa yalikutana hapo jirani, Kigali, Oktoba 2016, na kukubaliana kuzipunguza hatua kwa hatua, hatua inayokadiriwa kuweza kuepusha hadi nusu nyuzi ya joto la dunia ifikapo mwisho wa karne hii.

Kuna pia usalama wa mafundi wenyewe. Majokofu mengi mapya ya nyumbani yanatumia gesi ya R-600a, ambayo mchango wake kwa joto la dunia ni mdogo sana lakini inashika moto. Fundi aliyezoea R-134a tu, gesi isiyoshika moto, anaweza kuwasha mtungi wa kuchomelea huku bomba bado lina gesi, au akajaza gesi isiyo yake na kuua kompresa ya mteja.

Nayajua majibu ya wakuu wa vyuo: mashine ya kunyonya gesi ni ghali na bajeti ni finyu. Ni kweli, na fundi wa mtaani naye hawezi kuinunua wakati mteja anabishana naye kuhusu nauli. Lakini mashine moja inaweza kuzungushwa kati ya vyuo vya mkoa mmoja, na gesi iliyonyonywa ikasafishwa hutumika tena, jambo ambalo kwa bei za mitungi ya siku hizi si dogo. Ofisi ya Makamu wa Rais inayosimamia mazingira, pamoja na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanaweza kuanzia hapo. Kanuni za kudhibiti kemikali hizi tunazo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Fundi kijana hazijui kwa sababu hakuna aliyemtahini juu yake.

Waashi, mafundi magari na maseremala wana ya kwao, na wanaozijua fani hizo watayasema vizuri kuliko mimi. Ombi langu ni la fani yangu. VETA inasema mafunzo yake yanazingatia umahiri, basi kutunza gesi kuwe sehemu ya mtihani wa vitendo, si mada ya siku ya kongamano. Mtungi upimwe kwenye mizani kabla ya kazi na baada ya kazi, na mwanafunzi ambaye gesi yake haikuonekana kwenye mizani arudie mtihani.

Fundi viyoyozi,
Temeke, Dar es Salaam