Barua kwa mwanangu: Clementine naye aseme

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Jinja. Hatujambo sote, ila mguu wa bibi yako bado unamsumbua.

Daftari ulilompa kaka yako nimelisoma lote. Unauliza kama hizi hadithi za mashabiki ni kupoteza muda, maana wenzako wanakuambia kuchukua wahusika wa mtu mwingine ni wizi. Mimi nasema endelea, mama.

Tazama ulichomfanyia Clementine. Katika Wimbo wa Lawino, shairi refu la mshairi wa Uganda Okot p'Bitek lililotoka mwaka 1966, yule mwanamke wa kisasa aliyemteka Ocol, mume wa Lawino, hapewi nafasi ya kujieleza. Wewe umempa. Ukaandika kwamba alikulia Kampala, kisha ukapiga mstari juu ya sentensi hiyo, na pembeni ukaweka kwa penseli: “Nani kasema?” Hapo nilifurahi sana. Ulirudi kitabuni kutafuta, ukakuta kwamba midomo myekundu kama makaa, poda usoni, Kiingereza chake, vyote tunavisikia kwa Lawino, mke mwenza mwenye uchungu. Wako watu wazima waliosoma shairi hilo shuleni, wakafaulu mtihani, na swali hilo halijawahi kuwapitia akilini. Ukisoma tu, ni rahisi kumwamini anayesimulia. Ukitaka kuingia na kalamu yako ndani ya hadithi yake, huna budi kupima kila neno: hili ni kweli, hili ni wivu, hili mwandishi kaliacha wazi.

Okot mwenyewe, mwana wa Gulu, alifanya jambo la namna hiyo. Mwaka 1970 alitoa Wimbo wa Ocol, mume naye akajibu. Na Ocol hakujisafisha hata kidogo! Anatukana kwao, anaitukana Afrika nzima, na kadiri anavyosema ndivyo tunavyozidi kumwelewa mkewe.

Ndiyo maana Clementine wako hajaniridhisha. Umemfanya malaika. Hana kiburi, hana wivu, na kila alilosema Lawino umelifanya uongo. Huko ni kumtetea, bado hujamsoma. Mwachie kosa moja ambalo Lawino aliliona sawasawa, na jingine ambalo hata Lawino halikumjia. Na pale kitabu kiliposema wazi, usikipindue kwa sababu tu hukupendezwa. Jiulize kwanza kwa nini Okot alitaka iwe hivyo, halafu uandike.

Kuna jambo nimelitafuta daftari zima nisilione. Lawino anawaita watu wa ukoo wake wamsikilize, na hata anapomsema vibaya mumewe, anajua wako upande wake. Clementine anaongea na nani? Na huyo anayemsikiliza, anamwamini? Niandikie kabla hamjafunga shule.

Ni mimi baba yako.