Pilipili ina majani tele lakini haizai? Angalia mfuko wa mbolea

Mteja akituonyesha picha ya pilipili mbuzi iliyonawiri, majani mapana ya kijani kilichokolea, ila maua yanapukutika, huwa tunamuuliza kwanza: umekuzia kwa mbolea gani? Mara nyingi ni Urea, tena imerudiwa. Urea ni naitrojeni asilimia 46, basi. Ikizidi, mmea hutoa matawi badala ya kubeba, na vidukari hufuata majani laini. (Joto likipita nyuzi 32 maua hudondoka pia, hapo mbolea haina kosa.)

Kwa kupandia, DAP (18-46-0, yaani asilimia za naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa mpangilio huo) inafaa kwa sababu fosforasi hujenga mizizi. Weka gramu 10 kwa shimo, kama vizibo viwili vya soda, pamoja na nusu kilo ya samadi iliyooza vizuri. Funika kwa udongo kidogo ndipo uweke mche. Mzizi ukigusa DAP huungua, mche ukanyauka, na lawama ikaenda kwa mwenye kitalu. Kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45, ekari huchukua miche kama 15,000, hivyo utahitaji mifuko mitatu ya kilo 50.

Wiki ya tatu au ya nne, kuzia kwa CAN (mbolea ya naitrojeni yenye kalsiamu kidogo) gramu 5 kwa kila mche, sentimita 10 kutoka kwenye shina, udongo ukiwa na unyevu. Ukiona maua ya kwanza, hama: NPK 17-17-17 gramu 10, na urudie kila wiki 3 hadi 4 muda wote wa kuchuma, maana kila mchumo huondoka na potasiamu.

Tunda likianza kuoza kitako, doa la majimaji linalogeuka jeusi na kukauka, hapo limekosa kalsiamu. Wengi hukimbilia CAN. Kalsiamu ya CAN ni ya chokaa, huyeyuka polepole, haitaokoa matunda yaliyoko mtini. Chukua kalsiamu naitreti, gramu 5 kwa mche au ipitishe kwenye mipira ya matone. Usiichanganye tanki moja na mbolea yenye salfeti au fosfeti, itaganda na kuziba matundu. CAN nayo isipite humo kabisa, chokaa yake huziba vilevile. Lakini kalsiamu hupanda na maji: ukimwagilia leo ukaruka siku nne, matunda yataendelea kuoza hata udongo ukiwa na kalsiamu ya kutosha.

Majani machanga yakijikunja, usinunue mbolea kwanza. Geuza jani utazame chini yake. Mara nyingi ni vithiripi (wadudu wadogo sana wanaofyonza majani), utitiri au virusi. Busta, yaani mbolea za kunyunyizia majani, tunaziuza, ila kwa hilo hatutakuuzia. Funga tawi moja kwenye gazeti ulilete dukani, tuliangalie kwa lenzi kabla hujatoa hela.